Naam Ndani ya Buibui

Mtu akiniuliza namna ya kupita mahali penye watu wa heshima zao na maaskari wenye bunduki zao, namwambia hivi: usiulize nguo tu, uliza na namna ya kuitika. Mimi sikuuliza, na nusura nimharibie shoga yangu harusi.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikaa Changamwe, mimi binti pekee, na baba na kaka zangu watano. Mama alikuwa ameshakufa, na nyumba nzima ilikuwa ya sauti nene na mabuti. Shoga yangu alikuwa aolewe Jomvu Kuu siku hiyo baada ya Alasiri, na gauni lake la hariri nilikuwa nalo mimi, nimelishona kwa mkono. Nguo zilikuwa adimu ajabu siku zile. Jingine hakuwa nalo, na ameapa hatoki chumbani bila hilo.

Sisi ni Wakristo, buibui sikuwahi kulivaa. Jirani yetu, mama mmoja mkali kwelikweli, akaniazima lake.

"Kule si huku, mwanangu," akaniambia. "Uso usifunue njiani. Wakwe wakisikia shoga wa bibi harusi kasimama uso wazi mbele ya maaskari, patakuwa hapakaliki. Sauti yako asiisikie mwanamume. Na uvae viatu madhubuti, kule kando ya hori la bahari makome yatakukata."

Viatu madhubuti nilivyopata vilikuwa mabuti ya kaka yangu mkubwa. Basi nikaenda, mrefu nilivyo, kwa! kwa! kwa!, nacheka peke yangu ndani ya buibui. Nyumba za Jomvu nilikuwa nimeshaziona nilipofika kwenye kizuizi cha maaskari.

Juma lile ilivuma kwamba vibarua wa jeshi wanatoroka kambini kwa kujitia mabuibui. Askari mmoja kijana, mtu wa bara, akanitazama miguu.

"Simama! Wewe mwanamume wewe. Fungua uso!"

Nikatikisa kichwa. Akamwita sajini wake, mtu mzima wa papa hapa pwani. Sajini hakunigusa. Alinizunguka polepole, akanipa mgongo kama mtu aliyemaliza kazi, kisha akageuka ghafla.

"Wewe!"

"Naam!" nikaitika, kwa sauti ya kaka zangu wote watano.

Lo! Pwani nzima mwanamke akiitwa huitika abee. Naam ni ya wanaume. Kwetu nani angenifunza? Yule kijana akapiga makofi kwa furaha, na sajini akasema nikae pale mpaka afande arudi Magharibi.

Magharibi! Na harusi Alasiri! Nilitaka kulia, kikanijia kicheko, mabega yakanitikisika na gauni nimelikumbatia. Nikasema moyoni, sauti nimeshaitoa, basi itoke yote. Nikapiga kigelegele kirefu, cha kupasua masikio. Kule nyumbani kwa harusi wanawake wakakipokea, wakarudisha vyao kumi kwa kimoja changu.

Sajini alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanamume gani ana ulimi huo?" akamwambia kijana wake. Lakini kwangu akageuka, akanikazia macho. "Ila hiyo naam yako bado yaniwasha. Twende, nikufikishe mimi mwenyewe."

Tukaenda, mimi mbele na mabuti yangu, yeye nyuma na bunduki yake. Njiani nikakumbuka jinsi shoga yangu mwenyewe huitika akiitwa. Mlangoni nikabisha hodi. Nilimsikia shoga yangu ndani, sauti imemkauka kwa kulia.

"Shoga! Ni wewe?"

"Abeee!"

Mlango ukafunguka kidogo, mkono wenye hina mbichi ukatoka, ukanishika buibui na kunivuta ndani, mimi na gauni pamoja. Sajini alikuwa bado kizingitini.

"Alhamdulillahi, mwanangu," akasema. "Kwa abee hiyo, sasa nimekuona."