Wageni wa Baba Mkwe na Njia ya Kongolo

Mtu anayesema kwamba hadithi za wasafiri zinafungua akili, huyo hakuwahi kuwapikia hao wasafiri. Mimi niliwapikia. Mtoto mgongoni, mbabula mbili uani, bukari, ndio ugali wetu, juu ya moja na sombe ya majani ya muhogo juu ya nyingine, moshi wa makaa machoni, na kule saloni, sebuleni kwetu, wanaume wanapigapiga mapaja kwa sababu mtu ambaye jana hatukumjua anasimulia jinsi alivyokaribia kufa.

Tulikaa Katuba, kwa baba mkwe wangu. Alikuwa fundi wa kushona, Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema, na kila mtu wa Maniema aliyeshuka kwenye treni pale Lubumbashi bila ndugu alielekezwa kwetu. Ingekuwa hao tu ningenyamaza. Lakini msikitini walitutumia yeyote. Mfanyabiashara wa Mali, mrefu kama nguzo ya umeme. Mzee wa Ujiji aliyevuka ziwa akitapika. Kijana wa Ndola mwenye redio za kuuza. Haji mmoja aliyerudi kutoka Makka kwa ndege, masikio yake bado yanalia, akawa anatuongelesha kwa kelele kama viziwi ni sisi. Wote hao walilala katika chumba kilichokuwa changu na bwana yangu. Sisi tulihamia nyuma ya pazia, pamoja na cherehani.

Kwa baba mkwe, mgeni haulizwi anaondoka lini, wala haombwi pesa. Anaombwa kitu kimoja. Akishanawa mikono na kupewa maji, mzee anakaa vizuri mkekani, anasukuma kofia yake nyuma, anasema, "Haya baba, tupe njia." Basi mgeni anatoa njia yake: alipandia wapi, alikutana na nani, alipatwa na nini. Majirani wanaingia, wanajaza mlango. Ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba yetu.

Na njia hazikupimwa sawa. Yule wa Mali alisema alivuka jangwa juu ya lori la chumvi, maji yakaisha, wakanywa ya kwenye radiata, mwenzao akazikwa mchangani. Mzee akamwekea firigisi ya kuku kwa mkono wake mwenyewe, firigisi ambayo hata mwanawe wa kuzaa hajawahi kupewa. Yule kijana wa Ndola, masikini, alisema ukweli: "Nilipanda basi, ku mpaka banagonga kashe ku pasipoti, nikafika." Mzee akamtazama kama mtoto aliyeficha nyama mdomoni. "Ni ile tu?" Kijana akapata shingo ya kuku. Nikajua mapema kwamba katika nyumba ile mtu aliyefika salama amefika bure.

Ningecheka, kama jambo lenyewe lisingenihusu. Lakini mimi ni mtu wa Kongolo. Mama yangu alikuwa kule, binti wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kusali rozari hata akipepeta mchele. Alinisomesha kwa masista kwa kuuza mihogo, akanituma Lubumbashi kwa mjomba nimalize sekondari. Nilimaliza. Kisha nikampenda mtoto wa fundi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana za kampuni ya mgodi, nikaolewa Katuba, nikazaa. Mama hakuwa amemwona mtoto. Mtoto alikuwa ameshaota meno. Alikuwa anaanza kusimama, akishikilia mguu wa cherehani. Nilitaka kupanda treni wakati wa kiangazi, nimpeleke, nirudi. Ni hilo tu. Sikuomba Makka.

Mara ya kwanza mzee alikubali, na mimi nikafua nguo za mtoto. Akaja mchuuzi wa samaki kutoka Bukama, akatoa njia: mto umejaa, daraja linatetemeka, abiria wanashuka wanavuka kwa miguu wakishikana mikono. Mzee akageuza shingo kuelekea uani.

"Mama mutoto, unasikia?"

"Ninasikia, baba."

"Njia haiko ya mutoto."

Nikakunja nguo. Mara ya pili alikuja mwalimu mmoja, akasimulia askari waliowashusha watu usiku na kufungua mizigo mpaka mito ya kulalia. Mara ya tatu ilikuwa habari ya mwanamke aliyepanda na mtoto mgonjwa akashuka na kitenge, kikwembe kilichofungwa. Baada ya hiyo hata majirani hawakula vizuri. Mzee hakuuliza kama nimesikia. Alitikisa kichwa tu.

Bwana yangu, mtu wa upole, alinifuata nyuma ya pazia. "Ungoje kidogo. Njia itakuwa muzuri."

"Njia iko mugonjwa? Inakunywa dawa?"

"Usikasirike."

"Mama yangu iko anazeeka, weye unaniambia ningoje njia ipone!"

"Sema pole pole, mugeni atasikia."

Mgeni atasikia! Mgeni alikuwa amelala kitandani mwangu, anakoroma.

Basi akaja mtu wa Kindu. Mnene, mcheshi, viatu vinang'aa, na zawadi aliyotuletea ilikuwa damijani ya mawese, ile chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, iliyovikwa kikapu cha matete. Njia aliyoitoa siku ile sijasikia mfano wake. Mbele ya Kabongo, alisema, gari liliacha reli. Behewa likalala ubavu. Watu wakaangukia watu, mizigo ikaruka madirishani, mbuzi wa mtu akamkanyaga katekista usoni. Walikaa porini wakila panzi. Mzee alishika kifua. Firigisi ikaenda. Hata maini yakaenda.

Kesho yake mchana mzee alikuwa dukani kwake, na mimi nilikuwa uani nikitaka kuhamishia yale mafuta kwenye chupa ndogondogo. Nikaivua damijani kikapu chake ili niipanguse. Nikaipangusa yote. Halafu nikaigeuza, nikaipangusa tena, pole pole. Yule mgeni alikuwa bombani akinawa miguu.

"Baba," nikamwita, "hii damijani ilisafiri na gari gani?"

"Na ileile yangu, mama."

"Ile yenye iliacha reli? Ikalala upande?"

"Eee, mama. Acha tu. Mungu iko mukubwa."

"Bantu banaangukia bantu, mizigo inaruka ku madirisha, na kioo hii haina hata mukwaruzo."

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Aaa, mama mutoto. Inaonekana ulisoma."

"Si mambo ya masomo, niko na macho. Gari ilianguka ao haikuanguka?"

"Ilitikisika."

"Ilitikisika!"

"Kidogo. Bantu baliamuka."

"Na kisha?"

"Kisha balilala tena."

Niliweka damijani chini kwa uangalifu, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu kingine. Nikamuuliza yote ambayo hakuna aliyewahi kuuliza mkekani pale. Maji ya kunywa wanapata wapi? Kila kituo, wanawake wanaleta madirishani. Watoto wanalala? Wanalala kuliko watu wazima. Kinachosumbua ni nini? Akafikiri. "Kukaa," akasema. "Matako inauma. Unangoja Kamina mpaka unajua majina ya babu bote ya chef wa gare, mukubwa wa stesheni."

"Sasa kwa nini hukusema ile?"

Hapo akaona aibu kidogo, akashusha sauti. "Mama, niseme nini? Nilipanda, nikalala, nikashuka? Hata kule Kindu banajua: kwa ule muzee wa Katuba usifike na njia kavu."

Yaani sifa yetu ilikuwa imefika Kindu! Watu walikuwa wanatunga vifo tangu kule, wanakuja navyo kama mtu anavyokuja na karanga, ili wapate firigisi ya kuku niliyemnyonyoa mimi. Na kila kifo kilikuwa kinamsogeza mama yangu mbali zaidi.

"Ile firigisi ulikula," nikamwambia, "ilikuwa safari yangu."

Hakuelewa. Nikamweleza, habari ya mama, ya nguo kufuliwa na kukunjwa, yote. Akaacha kucheka.

Jioni, baada ya swala, walipokaa, sikuleta bukari. Nilileta damijani. Niliiweka katikati ya mkeka, mbele ya magoti ya mzee, bila kikapu chake, uchi kama ilivyo.

"Baba, hii njo ilianguka na gari."

Jirani yetu mwashi, aliyekuwa kila jioni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akainama, akazungusha kidole juu ya kioo. Kisha akaanza kucheka kupitia puani. Mzee hakucheka.

"Unaaibisha mugeni mu nyumba yangu?"

"Mugeni njo alinifungia mu nyumba yenu, baba."

"Mama mutoto, nyamaza," bwana yangu akasema, akitazama mkeka.

"Nimenyamaza tangu mutoto hana meno!"

Na yule mtu wa Kindu, Mungu amlipe, akajikohoza. "Muzee, hana kosa. Njia iko muzuri. Ni mubaya kuisimulia tu."

Mzee akavuta ndevu zake. Nilimwona akitafuta mahali pa kutokea, na nikamwona alipopaona, maana uso wake ulitulia kabisa. "Basi vizuri," akasema. "Kama njia iko muzuri, mama yako akuye. Yeye njo mukubwa. Akuye hapa aone mujukuu wake, alale mu kitanda, tumupikie."

"Eee," majirani wakaitikia, "muzee anasema neno."

Tumpikie! Nani, tumpikie? Lakini sikushika hapo. Nilishika kwingine.

"Sawa, baba. Akuye na nani?"

Wote walikuwa wanajua bukwe, heshima za ukwe. Mama mkwe si mtu wa kuitwa kama fundi bomba. Anaendewa, na kikwembe kipya mkononi, na mtu wa nyumba ndiye anamwendea. Mzee mwenyewe hangeweza, yeye ni mkwe. Bwana yangu ndiyo kabisa: kwetu mwanaume hakai benchi moja na mama wa mke wake, hali mbele yake, wakikutana njiani anaingia majanini mpaka apite. Angesafiri naye vipi kutoka Kongolo mpaka Lubumbashi, amening'inia nje ya behewa?

"Bwana yake hawezi," mwashi akasema, kama anahesabu matofali. "Muzee hawezi. Ndugu ya bwana hawezi."

Wakaitazama damijani, utafikiri itajitolea.

"Mutoto yake ya mwanamuke anaweza," mtu wa Kindu akasema.

Mzee akarudisha kofia yake mbele. "Ubebe maji mingi," akasema mwishowe, na akaniomba bukari kwa ukali, kana kwamba nimewachelewesha.

Nikaenda. Treni haikuanguka. Ilisimama, hiyo ndiyo kazi yake. Kamina tulingoja mpaka nguo zilizokuwa safi zikawa chafu, zikafuliwa, zikakauka juu ya uzio. Kijana mmoja wa chama cha serikali akaniuliza kadi. Nikamuuliza kama anataka na ya mtoto, maana tulikuwa tunaambiwa kila mtu amezaliwa mwanachama. Akaenda kumuuliza abiria mwingine. Mtoto aliharisha siku moja, akapona. Mapaja yote ya behewa aliyapitia: ya mama mmoja wa Kabalo mwenye kuku, ya askari, ya sista, hata ya mlevi aliyemwimbia mpaka wote wawili wakalala. Hakumwogopa mtu.

Mama alikuwa mbele ya nyumba, anabambua karanga. Hakupata habari kwamba tunakuja. Alisimama, karanga zikamwagika kutoka kwenye kikwembe chake, akanyoosha mikono miwili. Na mtoto wangu, aliyekubali mapaja ya mlevi, akapiga kelele kama amechomwa. Akanishika shingo kwa kucha. Mama akasogea, mtoto akapiga kelele zaidi. Nilijaribu kumtoa shingoni, nikamgombeza, nikamwambia ni bibi, ni bibi yako, wewe mjinga, nilikuwa nalia na mimi.

Mama akarudisha mikono yake. Akaipangusa kwenye kikwembe, ingawa haikuwa na kitu.

"Umuache," akasema. "Miye niko mugeni kwake."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hasira yote iliniangukia mimi. Nilisimama pale nikiwatukana mmoja mmoja, wa daraja, wa askari, wa maiti kwenye kikwembe, hata yule mnene wa Kindu aliyenisaidia, wote walioshiba kwangu ili mama yangu aombe radhi kwa mjukuu wake.

Mama aliinama akaokota karanga. Alinionyesha nikae kizingitini, naye akakaa kule mbali, akiwa amegeuza uso ili mtoto asimwone anamtazama.

"Anakula nini?" akauliza, akiongea na karanga zake. "Analala upande gani? Akikasirika anafanya je?"

Nikamjibu. Swali baada ya swali nikamjibu, mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia alipokaa, na mtoto shingoni mwangu akawa anasikiliza sauti yake.