Mitutu Miwili ya Baba

Soko huria lilipoleta kampuni za uwindaji Arusha, kaka yangu aliajiriwa na mojawapo. Akielekea porini, alipita nyumbani Nkoaranga na bunduki ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo baba. Hii inalenga vizuri, jicho linafuata mtutu mmoja tu."

Baba akachukua yake, yenye mitutu iliyolala sambamba. "Marahaba. Yangu haihitaji kufunguliwa sana ili kutia risasi, kwa hiyo naijaza upesi."

Wakiwa bado wanabishana, mama akapiga yowe kwenye shamba la kahawa. Nyati alikuwa ametoka msituni. Baba alikimbilia huko, akafyatua hewani mitutu yote miwili, na kufumba na kufumbua alikuwa ameijaza tena. Nyati akageuka, akapotelea msituni.

Mama aliketi chini akicheka, machozi yakimtoka. "Asante, baba watoto." Sote tukashusha pumzi.