Mlinda Lango wa Redfern

Verna Bodnar aliendesha basi la shule hapa Redfern, mji wetu mdogo, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwacha mtoto barabarani. Hata asubuhi ile baridi ilipofika nyuzi arobaini chini ya sifuri na magari ya wanaume yakagoma kuwaka mtaa mzima, basi la Verna lilipita saa moja na dakika kumi kama kawaida, yeye akiwa na kofia ya manyoya na kikombe cha kahawa mkononi, akipiga honi kwa makusudi kila alipoipita nyumba ambayo gari lake lilikuwa limekufa.

Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, na sauti yake ilifika ng'ambo ya shamba. Utotoni alikuwa ndiye mtelezaji mwenye kasi kuliko wote kwenye uwanja wetu wa barafu. Nilisoma naye darasa moja, kwa hiyo sisimuliwi. Alicheza hoki na sisi wavulana mpaka alipotimiza miaka kumi na mitatu, ndipo mzee mmoja wa kamati akamwita pembeni akamwambia timu ya wakubwa haina nafasi ya wasichana, labda ajaribu ile ya kucheza dansi kwenye barafu. Verna alikwenda nyumbani, akaviweka viatu vyake vya barafu kwenye dari ya banda la trekta, na kwa miaka mingi hakuvigusa. Hakulia mbele ya mtu, wala hakuacha kuja kutazama mechi.

Basi alipozaa binti, Larissa, na binti huyo akakua akitaka kusimama golini tu, Verna alijitolea kuwa meneja wa timu ya watoto wa chini ya miaka kumi na saba. Meneja kwetu ndiye anayepanga safari, anayetafuta marefa, anayefua jezi na kutuliza wazazi. Verna alikuwa akisema jezi ndizo kazi nyepesi.

Mwaka ninaousimulia, timu ilikuwa na wachezaji kumi na watatu, wavulana kumi na mmoja na wasichana wawili. Mwanangu Gordie alikuwamo. Ni yule anayeingizwa tukiwa tunaongoza kwa mabao sita. Mimi nilikuwa nanoa vyuma vya viatu vyao kwenye chumba kidogo karibu na kantini, na kwa sababu hiyo hakuna neno lililosemwa uwanjani pale ambalo halikunifikia.

Mwezi wa Januari alikuja mwanamume mmoja kutoka Saskatoon, jiji la karibu nasi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Alikaa kwenye ngazi za mbao mechi mbili mfululizo, kimya, akiandika. Wiki iliyofuata barua tatu zikafika Redfern. Klabu kubwa ya mjini, yenye timu za wavulana na za wasichana, ilikuwa inawataka watatu kwa msimu ujao, wakaishi mjini kwa familia za kuwapokea. Wa kwanza alikuwa Tanner, mtoto wa Curt Ostrem, mfungaji wetu. Wa pili alikuwa mtoto wa akina Friesen, beki. Wa tatu alikuwa Larissa Bodnar, golikipa.

Ukiondoa watatu kwenye kumi na watatu wanabaki kumi, na hao kumi hawana mtu wa kukaa golini. Timu ya namna hiyo ni nyumba isiyo na mlango.

Wazazi wakaitana Jumapili mchana, baada ya mechi, kwenye chumba cha juu chenye kioo kinachotazama barafu. Mtu alileta sufuria ya perogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na hakuna aliyezigusa mpaka mwisho. Chini, watoto walikuwa bado wanachezacheza wakiwapiga chenga wadogo zao.

Curt Ostrem ndiye aliyeanza. Ni mkulima wa ngano, mrefu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau.

"Mimi sina la kuzunguka," alisema. "Tanner anakwenda. Wasaka vipaji hawaji Redfern kula chipsi. Mtoto asipoonekana akiwa na miaka kumi na minne, amekwisha."

"Amekwisha?" Verna akadakia. "Miaka kumi na minne, bado anasahau kofia kwenye basi langu, wewe unasema amekwisha?"

Watu wakacheka. Curt hakucheka.

"Verna, wewe unataka timu yako ibaki."

"Yangu? Mimi naifulia tu, bwana. Timu ni ya watoto hawa kumi na watatu. Haya, nikuulize. Nimebeba watoto wa mji huu miaka kumi na tisa. Nawajua wote walioondoka kwenda kucheza mjini, na najua walipo leo. Wendell Saari, unamkumbuka?"

"Nani asiyemkumbuka Wendell?"

"Aliondoka na miaka kumi na minne. Alicheza mechi sita za kulipwa. Sita! Leo anauza matrekta, mzima, mnene, ana furaha yake. Mwingine aliumia goti, ni mwalimu. Wawili walirudi kabla ya Krismasi kwa kuwakumbuka mama zao. Na huyu hapa," akanyoosha kidole kwa fundi umeme aliyekuwa ameegemea kioo, "alikuwa na miguu kuliko Tanner wako, na hakwenda popote, na nyumba yako ina taa kwa sababu yake."

"Usinitie mimi kwenye vita yenu," fundi akasema.

"Ninachosema ni hiki. Kama mtoto ana kipaji, atakuwa nacho hata akifika miaka kumi na sita. Tuwaweke pamoja miaka miwili zaidi. Wacheze, wakue, wale chakula cha mama zao. Halafu waende."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali, hasa sisi ambao watoto wetu hawakupata barua. Curt akatazama chini kwenye barafu, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wewe unasema hivyo. Shamba langu litalisha mtu mmoja, Verna, na kaka yake ameshalichukua. Tanner nitampa nini? Hana masomo ya kumtoa. Ana miguu ile tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Curt akisema jambo la ndani mbele za watu. Verna hakumjibu kwa mzaha. Alimsogelea akamwambia, "Mpe barua yake basi, lakini umuulize yeye." Kisha akatugeukia. "Na sisi sote tukawaulize wetu. Anayetaka kwenda aende, anayetaka kubaki asisukumwe. Mimi najua Larissa atabaki."

Alilisema kwa uhakika wote wa dunia. Ndilo neno lililomrudi.

Jioni ile ile, mezani, alimuuliza Larissa. Verna mwenyewe ndiye aliyenisimulia kesho yake, akiwa amekaa kwenye stuli yangu huku nikinoa.

"Nikamwambia, 'Mwanangu, nimewaambia watu utabaki.' Akaweka uma chini. Akaniambia, 'Mama, hukuniuliza.' Nikamwambia, 'Nakuuliza sasa.' Akasema, 'Nataka kwenda.' Hivyo tu. Hata hakunywa maji kwanza."

"Ukasemaje?"

"Nikamweleza yote. Wendell, goti, Krismasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto yule ana adabu. Halafu akasema, 'Mama, huku napigwa mashuti kumi na mawili kwa mechi. Kule nitapigwa arobaini. Golikipa anakua kwa kupigwa.'" Verna akachukua kiatu kimoja akakipima makali kwa kidole. "Na unajua nini? Nilikuwa nafurahi. Nilijikaza tu nisionyeshe."

Akampa ruhusa usiku huo huo, na asubuhi akaitia barua sandukuni kwa mkono wake.

Habari haikuchelewa. Siku ya mazoezi Curt alimngoja mlangoni, na alikuwa ameshaliandaa neno lake.

"Mkuki kwa nguruwe, eh, Verna? Wa kwangu abaki ale chakula cha mama yake, wa kwako aende mjini!"

Mtu mwingine angetafuta sababu. Verna alisimama katikati ya mlango, begi la jezi begani, akasema kwa sauti ambayo hata watoto waliokuwa wanavaa waliisikia:

"Umesema kweli. Nilimsemea mtoto wangu, nikakosea. Nilisema waulizwe, wangu ameulizwa, amejibu. Wako je, umemuuliza?"

Curt akakuna shingo. "Anataka kwenda."

"Basi wote wawili watapanda gari moja, na mafuta tutapokezana. Sogea nipite, hizi jezi zina majimaji."

Mtoto wa akina Friesen aliamua kubaki. Alimwambia baba yake hataki kulala kwenye nyumba ya watu, na hakuna aliyemsukuma. Bado tulikuwa kumi na mmoja bila golikipa. Curt, akidhani anamfariji, alimwambia Verna sasa hana timu ya kufulia. Verna akasema timu ataipata. Nilimuuliza ataitoa wapi. Akasema, "Holbeck."

Nilidhani nimesikia vibaya. Holbeck ni kilomita arobaini kutoka kwetu, na sisi tulifundishwa kuwachukia kabla hatujafundishwa kusoma. Wazee wetu walipigana nao kwenye maegesho ya magari, na babu zetu walipigana nao kwa sababu nyingine iliyosahaulika.

Alimpigia simu meneja wao mbele yangu. Anaitwa Gladwin Pruden, mzee mwenye wajukuu wanne kwenye timu yake. Simu ya chumba changu ilikuwa na kelele, na sauti ya mzee ikatoka yote.

"Redfern? Mnataka nini? Tumeshawafunga mwaka huu."

"Mabao mawili, na refa alikuwa shemeji yako. Gladwin, msimu ujao una watoto wangapi?"

"Tisa."

"Golikipa?"

"Ninaye. Mjukuu wangu. Kwa nini?"

"Nina kumi na mmoja wasio na golikipa, wewe una golikipa asiye na watu wa kutosha mbele yake. Hesabu hiyo inahitaji mwalimu?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu aliliuliza baada yake, "Na jezi? Yenu nyekundu, yetu kijani. Wajukuu wangu hawavai nyekundu mimi nikiwa hai."

"Tukicheza kwenu, wote kijani. Tukicheza kwetu, wote nyekundu."

"Na ugenini?"

"Nyeupe. Madoa nitatoa mimi."

Kulikuwa na mkutano wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Kuna waliosema afadhali timu ife kuliko kuvaa kijani. Mama mmoja aliinuka akaondoka. Wa kumtetea Verna alikuwa Curt Ostrem, ambaye msimu ujao hata mtoto hangekuwa naye kwenye timu. Aliwaambia, "Mimi nawachukia Holbeck kuliko nyinyi nyote. Lakini nikitaka kuwatukana nitahitaji mahali pa kukaa na mechi ya kutazama. Wapeni watoto timu." Kura zikapigwa, ndiyo ikashinda kwa kura tatu.

Msimu mpya ulipoanza, timu ile ya miji miwili ilipoteza mechi nne za kwanza. Kwenye basi watoto wa Redfern walikaa kushoto na wa Holbeck kulia, na Verna, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, hakuwasemesha. Mechi ya tano, mwanangu Gordie aligongwa vibaya ukutani, na wa kwanza kumfuata yule aliyemgonga alikuwa mjukuu wa Gladwin, golikipa, aliyeacha goli wazi akakimbia uwanja mzima na mavazi yake mazito. Alitolewa nje, tukafungwa bao la tano. Safari ya kurudi hakukuwa na kushoto wala kulia. Mwezi wa Machi walimaliza wa tatu kwenye ligi.

Tanner alicheza mjini miaka minne na hakuchaguliwa na timu yoyote ya kulipwa. Kocha wake ndiye aliyemtafutia kazi kwa mafundi wa mabomba, na leo ana karakana yake Saskatoon, na Curt hutafuta kila kisingizio cha kwenda kuitazama. Larissa alipigwa mashuti arobaini kama alivyotaka. Mwaka wa kwanza alifungwa sana, akapiga simu analia, na Verna akamwambia, "Lia, ukimaliza ulale, kesho mna mazoezi." Akawa golikipa wa chuo kikuu, na sasa anafundisha magolikipa.

Nilimuuliza Verna siku aliyoacha basi kama bado anaamini aliyoyasema kwenye mkutano ule wa Jumapili. Alikuwa anakabidhi funguo kwa dereva mpya, akimwonyesha breki ya mkono inavyokwama.

"Yote," akasema. "Isipokuwa la Larissa."

Kisha akamwambia yule dereva kwamba kwa akina Friesen ni lazima upige honi mara mbili ndipo mtoto atoke.