Mama Amelala

Sifichi, mimi ni mtu wa kushuku. Kiwanda cha kahawa kilipotangaza kumpeleka mume wangu Aminieli Brazili mwaka mzima, akajifunze mashine mpya, wenzake walimpongeza. Mimi niliuliza kwa nini Primus, aliyepelekwa kabla yake, alirudi baada ya miezi minne. Nikajijibu mwenyewe: pombe, au mwanamke.

Aminieli ni mtu wa spana na maneno machache. Akimaliza huo mwaka anarudi kuwa msimamizi wa mitambo. Akikatisha, nafasi anapewa mwingine. Hilo tulilijua wote hapa Mbokomu. Ndiyo maana mama yake alipoteleza mgombani akavunjika nyonga, wakati Aminieli ana miezi mitano huko, shemeji yangu Denis alisema, "Tusimwambie. Yuko mbali, atavurugikiwa." Nikaona ana akili.

Jioni Aminieli akapiga. "Mpe mama simu."

"Amelala."

Kesho yake tena. "Yuko kanisani," nikasema.

"Jumanne?"

"Kwaya." Mama mkwe wangu hajawahi kuimba kwaya hata siku moja. Loo, nilijichukia!

Siku ya nane hakumuulizia. Alisema tu anatafuta tiketi ya kurudi. Na hapo hapo nikashuku lingine, maana ndivyo nilivyo: kumbe naye ana lake huko, anatafuta kisingizio.

Kesho yake nikashuka Kiboriloni, Primus anakouza vipuri vya pikipiki. Nikamvaa bila hata salamu: "Huko Brazili kuna nini? Niambie ukweli, ni wanawake?"

Akaweka boksi chini. "Shemeji, kazi ilikuwa nzuri, na wenyeji hawana neno. Baba yangu aliugua, nyumbani wakawa wananiambia yuko shambani. Kila siku shambani, hata mvua ikinyesha! Nikajua nadanganywa, ila sijui ni kwa lipi. Katika hali hiyo hufungi hata nati moja ikakaa, aisee."

Nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi hospitali. Denis alikuwa kando ya kitanda, akanishika mkono. "Hellen, usithubutu!" Nikamwambia akae pembeni. Nikampigia Aminieli kwa video, nikamwekea mama simu usoni.

"Mwanangu, nimevunjika nyonga," mama akasema. "Wameshanitia vyuma. Usije, utanisaidia nini? Fanya kazi."

Aminieli alikodoa macho. Akadhani tumemchezeshea video ya zamani.

"Mama, leo siku gani?"

"Jumanne. Nimekuzaa mimi halafu unanipa mtihani?"

Hapo akalia, mwanaume mzima, na kofia ya kiwandani kichwani. Nikamwambia anyamaze, mama si huyo hapo, mzima?

"Wiki nzima nimekaa msibani huku, Hellen," akasema. "Peke yangu."