Dhambi Aliyoichagua Arlin Haverhals

Kwa miaka mingi Arlin Haverhals aligombana na redio. Alikuwa fundi wa mashine za shamba katika mji wa New Drenthe, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, Marekani, na redio ya karakana yake, iliyofunikwa na vumbi la mahindi, ilimletea habari za bunge la jimbo kila asubuhi. Kodi ya ardhi ikipanda, Arlin aliijibu. Shule ya shamba ikitajwa kufungwa, aliijibu kwa spana mkononi. Redio haikuwahi kukubali kosa. Siku moja mkewe Verna, aliyekuwa akiyasikia yote kwa dirisha la jikoni, alimwambia, "Ama uende ukawaambie wenyewe, ama uizime. Kuku wangu wameacha kutaga."

Basi akagombea.

Uhafidhina hakuusoma kitabuni. Aliurithi kama alivyorithi pua ya baba yake, bila kuulizwa maoni. Aliamini kwamba serikali ikae mbali na mazizi ya watu, na kwamba Jumapili ni ya Mungu. Katika New Drenthe hakuna anayekata nyasi Jumapili. Nguo hazianikwi. Viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi, na soya iliyokauka hukaa shambani, hata kama mawingu meusi yanajikusanya upande wa Dakota na mwenye shamba anayatazama kwa dirisha, mikono mfukoni, roho juu.

Pande zile, atakayeshinda mchujo wa chama cha Republican, Jumanne moja ya Juni, huwa ameshashinda kiti chenyewe cha bunge. Mpinzani wa Arlin alikuwa Lois Dykhuis, mjane, mwenyekiti wa bodi ya shule, mhafidhina kama yeye, ila huyu alijua kusema. Arlin alikuwa akigonga mlango, anazungumzia mvua na bei ya nguruwe, anakunywa kahawa, kisha anaondoka bila kuomba kura. Kwao kujisifu ni kama kutema mate mezani.

"Ulimwambia mwenye nyumba kwamba unagombea?" Verna alimuuliza.

"Anajua."

"Amejuaje?"

"Nilivaa shati jeupe."

Jumapili ya mwisho kabla ya mchujo, upepo ulivuma tangu alfajiri. Verna ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, kwa hiyo alitangulia kwenda ibada ya jioni. Arlin akafuata peke yake na gari lake la kazi. Kwenye njia panda aliona mabango yake mawili yamelala matopeni, akayapita. Kazi ni kazi, na Jumapili ni Jumapili. Lakini bango kubwa la Lois lilikuwa limeangukia katikati ya barabara. Akasimama, akalitoa. Hilo halikuwa kosa. Mtu angeweza kuligonga. Angeliegemeza kwenye uzio aende zake.

Alisimama nalo mikononi huku upepo ukimvuta tai. Ng'ambo ya barabara bango lake la tatu lilikuwa bado wima, jina lake peke yake mbele ya mahindi machanga ya nchi nzima. Akaona aibu. Alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu amtake Verna, lakini hakutaka kupewa na upepo. Akachukua nyundo garini.

Alikuwa ameupigilia mti wa bango mara chache tu wakati Clarence Bonnema, mzee wa kanisa, alipopita na gari. Clarence alipunguza mwendo, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama ilivyo adabu ya barabara zile, akaendelea.

Kanisani waliketi benchi moja, kama siku zote. Mahubiri yalipoanza, pipi za mnanaa, kama desturi, zikaanza safari ya kutoka mkono hadi mkono. Zilipomfikia Clarence alichukua moja, akanyoosha mkono mbele ya kifua cha Arlin, akampa mtu wa upande wa pili. Arlin alisikiliza mahubiri yote mdomo mkavu.

Jumatatu asubuhi, kwenye meza ya kahawa ya wanaume, kesi ilikuwa imeshaiva.

"Tumekungoja, Arlin," alisema Dwayne Kooima, mfuga nguruwe. "Ulikuwa na bango la Lois na nyundo. Mimi nasema ulikuwa unaling'oa. Hiyo ni amri ya nane, wizi. Clarence anasema ulikuwa unalipigilia. Hiyo ni ya nne, Sabato. Tuamue, kahawa inapoa."

Arlin alikizungusha kikombe. Kueleza sababu ilikuwa kujisifu. Kunyamaza ilikuwa kuwa mwizi.

"Ya nne," akasema.

"Ulilisimamisha bango la mpinzani wako?"

"Lilikuwa barabarani."

"Kulitoa barabarani ni huruma," alisema Clarence, bila hasira. "Ng'ombe akitumbukia shimoni unamtoa, hata Jumapili. Lakini humjengei zizi."

"Sina utetezi, Clarence."

"Hasara tupu," alisema Dwayne. "Mwizi ningempigia kura. Huko bungeni angekuta wenzake."

Arlin alirudi nyumbani, akamwambia Verna kwamba mambo yamekwisha.

"Si ungesema uliiba."

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Ndiyo, na hiyo ni ya tisa," alisema Verna. "Kula, chakula kinapoa."

Jumanne alikwenda kupiga kura kwenye jengo la zimamoto, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Hakufika mlangoni upesi. Mkulima mmoja aliyemfahamu tangu utoto alimsogelea, akatazama viatu vyake. "Mwaka juzi nilivuna Jumapili," alisema. "Nilizima taa za mashine." Akaenda zake. Mke wa daktari wa mifugo alimnong'oneza kwamba yeye huanika nguo ndani ya ghala. Kijana mmoja alikuwa ametengeneza trekta huku mkewe akiimba nyimbo za dini mlangoni ili nyundo isisikike. Halafu akaja mama mkwe wa Clarence Bonnema, na mkongojo wake, akamshika mkono wa koti.

"Mimi viazi namenya Jumapili," alisema. "Vya Jumamosi vinakuwa vyeusi. Clarence anavila miaka yote, na anaomba aongezewe."

Jioni matokeo yalipotoka, Arlin alikuwa ameshinda, kwa kura chache lakini ameshinda. Lois alikuwa wa kwanza kupiga simu.

"Hongera, Arlin. Nimepungukiwa na dhambi tu."

Sebuleni watu walikula keki na kucheka. Arlin alitoka, akaketi kwenye ngazi za nyuma. Verna akamfuata, akaketi kando yake.

"Nani amenichagua, Verna?"

"Majirani zako."

"Nilidhani nawajua."

Alikuwa ameomba kutumwa akaulinde ukuta wa mila za baba zake, na sasa alijua kwamba kila nyumba ilikuwa na kilango chake cha nyuma, kilichotiwa mafuta kisilie. Wala hawakumtuma akaubomoe. Hilo ndilo lililomlemea. Waliutaka ukuta, na walivitaka vilango.

"Nitawaambia nini huko bungeni?" aliuliza.

"Sema kidogo," alisema Verna. "Na usimtaje mtu."

Ndani mtu aliita mheshimiwa. Ilimchukua Arlin muda kuelewa kwamba ndiye anayeitwa.