Gari Lililobaki Uganda

Kwa mujibu wa kompyuta ya forodha ya Uganda, gari langu limekaa nchini humo tangu mwaka jana, na kibali chake kiliisha muda zamani. Miezi yote hiyo lilikuwa Busia, upande wa Kenya, nyuma ya nyumba yangu, na nisipolitoa kuku wanataga chini yake.

Nilizipata habari hizi Malaba, nikimrudisha mama kutoka Tororo, ambako alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Jicho lilikuwa limefungwa bendeji. Daktari alimkataza vumbi na kurushwarushwa, kwa hiyo bodaboda haingefaa. Ilibidi afike nyumbani kwa gari, siku hiyo hiyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Gari la Kenya likiingia Uganda hupewa kibali cha muda, na likitoka kibali hicho hufungwa kwenye kompyuta. Shida ni kwamba meza ya Waganda ya kukifunga iko upande wetu. Umeshavuka, umeiona bendera ya kwenu, halafu eti umtafute Mganda akuruhusu kutoka Uganda. Madereva wa trela hawasahau, maana kwao mpaka ni ofisi. Sisi wenyeji tunaona tumefika. Mwaka jana nilirudi kutoka soko la ng'ambo na matoke, mlinzi wa lango akaniuliza habari za mama, akainua kizuizi, nikaenda kupika. Hilo ndilo kosa langu. Kuishi Uganda na gari mwaka mzima si kosa langu.

Asubuhi ya safari ya Tororo tuliingilia Busia. Mtandao ulikuwa chini, wakatuandika kwa mkono na kusema tutamalizana wakati wa kutoka. Tulirudi kwa njia ya Malaba kwa kuwa ndiyo ya karibu. Huko hakuna anayenijua, nikasimama mezani kama mgeni yeyote.

Ofisa wa Uganda alikuwa kijana mpole. Aliniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu.

"Nyabo, hii gari haijawahi kutoka Uganda."

"Iko hapo nje."

"Kwa kompyuta haijatoka."

Akanisogezea karatasi. Nisaini, nilipe faini, niende. Niliisoma hadi chini. Ilisema nimelitumia gari Uganda muda wote huo bila kibali. Nikamrudishia kalamu. Nilimwonyesha kwenye simu picha za harusi ya Sigalame, huku kwetu Kenya, gari limefungwa riboni na namba zinasomeka. Akamsifu bibi harusi, kisha akasema picha haziingii kwenye kompyuta yake.

Nyuma yangu ajenti mmoja wa malori alichoka kungoja. "Madam, saini twende. Mimi husaini vitu za uongo hata kabla ya chai."

Foleni ikacheka. Nikamwambia yeye anasaini magari ya watu. Hili ni langu.

Mama akaingia akishika ukuta, leso imefunika jicho. Nilimweleza kwa lugha yetu. Akamgeukia ofisa kwa Kiswahili.

"Kijana, kama gari ilikuwa kwenu, nani amekuwa akinipeleka kanisa?"

Kijana akatabasamu kwa aibu. "Mama, hata mimi gari naiona. Lakini siwezi kuandika chenye naona."

Hapo nikamgeukia ofisa wa Kenya aliyeketi naye bega kwa bega, aliyekuwa amejishughulisha na simu yake. Nilimuuliza kama gari la Kenya, likiwa limesimama Kenya, linaweza kuzuiwa kwa kuwa liko Uganda. Alitoka nje, akatazama namba na bima, akaweka kiganja kwenye boneti. Aliporudi alisema upande wake haoni tatizo. Upande wa mwenzake asiulizwe yeye.

Wakanong'onezana. Kisha kijana wa Uganda akanieleza taratibu, bila ukali, kwamba nikiondoka bila kusaini hataweza kufunga kibali, na siku gari hili litakapokanyaga Uganda kupitia lango lolote litakamatwa.

"Bado unaenda?"

"Naenda."

Nilimshika mama mkono, nikamketisha, nikamfunga mkanda. Ajenti alipiga mluzi. Mlinzi wa lango aliangalia dirishani kwa maofisa, na alipoona hakuna anayemwambia kitu, akafungua.

Tangu hapo nimeziandikia barua ofisi za pande zote mbili. Upande wa Kenya umejibu kuwa kibali ni cha Uganda. Upande wa Uganda umejibu kuwa nifike mwenyewe, na gari. Ajenti mmoja wa Busia amenishauri niazime gari la mtu na kusahau mambo haya. Nimemwambia sitaazima.

Jicho la mama limepona vizuri. Daktari amempangia la pili mwezi ujao, hospitali ile ile ya Tororo. Jana aliniuliza tutaenda na nini. Nilimjibu kwamba tutaenda na gari letu. Akauliza tutarudi na nini.