Gato ya Koko na Mvua ya Kashojwa

Sisi tuliokulia Kashojwa, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tunaujua utamu kwa sababu tuliungoja. Mliokuwa wadogo pamoja nami mnakumbuka: uji wa mahindi asubuhi, maharagwe mchana, maharagwe tena jioni. Katikati yake kulikuwa na mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba za mgomba, vumbi hadi kwenye kope, na madumu ya maji yaliyopanga foleni bombani kama wanafunzi. Leo binti yangu Aline anafungua friji, anatazama ndani weee, kisha anatangaza kwamba nyumbani hakuna chakula. Namsamehe. Hayo hakuyaona.

Kwetu utamu ulikuwa na jina moja tu, gato, yaani keki ya ndizi, na mwenye gato alikuwa Koko, mama yake baba. Tulipotoka Kivu ya Kusini, Kongo, alikuwa bado anaona kidogo. Tulipofika Uganda macho yake yakazimika kabisa, akaendelea kuoka kwa vidole, pua na masikio.

Ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi alizivuruga kwa mkono. "Mwiko haiwezi kukuambia pahali kumebaki kipande," alisema. Akatia maziwa ya kuganda kutoka kwa wafugaji, mayai, sukari na mafuta, kisha unga wa mahindi uliochekechwa ukawa laini kama poda, na unga kidogo wa ngano ulionunuliwa sokoni Kabingo. Sufuria aliitandika jani la mgomba lililopitishwa motoni. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Kisha akainamisha kichwa.

"Munyamaze, bana bangu. Gato inasema."

Na kweli ilisema. Ndani ya sufuria mlisikika mlio mdogo, kama matone juu ya majani makavu. "Ikinyamaza, imeiva," alituambia, na mimi sikuwahi kumwona akikosea.

Mwaka mmoja mama alikuwa mjamzito, akavimba miguu na uso, akaanza kuona kizunguzungu. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali Mbarara, baba akaenda naye. Tukabaki na Koko, mimi na kaka yangu Pacifique. Habari zilipitia simu ya mchungaji wetu. Kwanza tuliambiwa mtoto amezaliwa, wa kike. Baadaye tukaambiwa mama hajaamka. Kisha simu ikakaa kimya, na watu wazima wakaanza kutushika vichwa bila sababu.

Koko alikuwa ameficha sukari ndani ya kopo. Ilikuwa ya gato ya mama, siku atakayorudi. Jioni moja Pacifique akauliza swali nililokuwa nikilimeza.

"Na kama harudi?"

Koko alilifunika kopo. "Asiporudi, nitaioka tu. Batu batakuya kulia na sisi, batakula. Lakini mimi ninaomba arudi."

Ndipo asubuhi moja mchungaji akaja akitembea haraka kuliko kawaida yake. Mama aliamka siku kadhaa zilizopita, alisema, na leo wanarudi. Koko alinyoosha mkono kulitafuta kopo.

Gato ilikuwa imekwisha kuwekwa motoni pale mbingu ilipojikunja upande wa ziwa. Jiko letu lilikuwa nje, na nyumba ya turubai hairuhusu moto ndani. Tone la kwanza lilipogusa makaa, likalia shii. Tuliingia mbio tukachukua turubai tulilokuwa tukianikia mahindi. Pacifique akashika pembe moja, mimi nyingine. Jirani yetu Mama Chantal, mama wa Kirundi, alituona, akaja na mumewe, wakashika pembe zilizobaki. Maji yakajaa katikati, tukawa tunayasukuma juu kwa vichwa. Chini yake Koko aliketi kando ya sufuria, sikio karibu na kifuniko, mvua ikipiga turubai kama ngoma.

Nikamwona uso umebadilika.

"Sisikie kitu," alisema. "Weye uko na masikio ya mutoto. Kuya."

Mchungaji, aliyekuwa amejikinga mlangoni, akaja kunipokea pembe yangu. Nikapiga magoti kwenye tope, joto la makaa likanichoma shavu. Mwanzoni nilisikia mvua tu. Halafu, chini kabisa ya mvua, nikaisikia gato. Nilishikilia ile sauti kwa mwili wote. Ikapungua, ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala, ikaisha.

"Imenyamaza, Koko."

"Toa makaa."

Hakuniuliza mara ya pili. Mpaka leo nashangaa alivyoniamini.

Mama alifika kwa bodaboda mvua ikikatika, ametapakaa tope, na baba nyuma yake kwa pikipiki nyingine, mtoto ndani ya koti. Koko alipapasa uso wa mama kuanzia paji hadi kidevu, polepole, kisha akaupapasa wa mtoto. "Umekonda," alisema. "Ikaa, ule." Akafunua sufuria. Mvuke ukapanda, na gato ilikuwa ya rangi ya dhahabu, haijapasuka popote. Mama akakishika kipande chake bila kukila, akakitazama, akala.

"Iko moto," alisema, akaanza kucheka, kisha kulia, na baba akageuzia uso pembeni.

Iliyobaki ikakatwa vipande vidogo kama vidole, na mstari mzima wa nyumba ukala. Nimeona mengi tangu siku ile. Hakuna lililonistaajabisha zaidi.

Koko tulimzika pale Kashojwa. Yule mtoto, Riziki, sasa anampita baba urefu. Mimi naishi Nyamitanga, mjini Mbarara, nina oveni ya umeme inayopiga kengele yenyewe, na Aline hutafuta mapishi kwenye simu ilhali mimi nimesimama hapo hapo. Gato yangu ni nzuri, wanasema. Noeli iliyopita nilikata nusu, nikampa Aline sahani awapelekee majirani wa geti la pili. Akarudi nayo vilevile, hakuna kipande kilichochukuliwa.

"Mama, wamedhani tunauza, wameuliza bei gani."

Nikavaa ndala, nikaichukua ile sahani, nikaenda kubisha kwao mwenyewe.